Wifi Yangu Ngoja-Kwanza na Redio za Baba

Wako watu mtaani kwetu waliosema kwamba baada ya mume wangu kuzikwa, dada yake alihamia kwangu akaanza kuuza vitu vya nyumba kimoja kimoja kwa simu. Waliyaona maboksi yakitoka mlangoni kila Jumanne na Ijumaa, hadithi wakaimalizia wenyewe. Naandika ili ijulikane kwamba vitu vile vilikuwa vyake, alivinunua kwa pesa yake, na kwamba katika nyumba hii aliyefanya jambo la kuficha kwenye simu hakuwa yeye.

Wifi yangu ni mdogo wa marehemu kwa miaka minne. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni kwa miaka kumi na tisa, hadi kiwanda kilipofungwa. Ndoa yake nayo ilivunjika mwaka uleule. Alikuja kwangu na masanduku mawili na mizani ya jikoni, akaniambia, "Miezi mitatu tu, wifi, nijipange." Nikampa chumba cha uani. Ikapita miaka miwili. Sikuwahi kumwambia neno, na yeye hakuwahi kunikosea neno, lakini mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayepika katika jiko la mwenzake huomba ruhusa hata ya chumvi. Nilimsikia akiiomba, kila siku, na nilijua anachokitaka: vyumba viwili vyake mwenyewe, mlango wake, ufunguo wake.

Biashara aliyoianza ilikuwa ya kununua vitu vilivyotumika na kuviuza kwenye mnada wa mtandaoni, ule ambao kitu huwekwa siku saba, watu hutoa dau, na wa mwisho kulipa zaidi hukichukua. Nami nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa mkuu wa shule. Sifichi kwamba niliona haya. Nilimwomba jambo moja tu, asitumie jina la familia. Akakubali, akajiita kwenye mtandao kwa jina ambalo wachuuzi wa vitu vya zamani walikuwa tayari wamempachika: Ngoja-Kwanza.

Jina lilimfaa. Siku moja tulipita kwa muuza vitu vilivyotumika, akatuonyesha seti ya vikombe vya chai yenye maua ya dhahabu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mkoba.

"Ngoja kwanza," akasema wifi, akatoa simu. "Seti kama hii, siku tisini zilizopita, zimewekwa sitini na moja. Zilizouzwa ni nne."

"Lakini ni nzuri!"

"Ni nzuri mno, wifi. Kila mtu anazipenda na hakuna anayelipa. Na posta vikombe huvunjika." Akainama chini ya meza, akavuta boksi lililojaa rimoti za televisheni za zamani, zina vumbi, nyingine hazina vifuniko vya betri. Akasoma namba za nyuma moja moja. "Hizi ziliwekwa kumi na tisa, zimeuzwa kumi na saba. Mtu akipoteza rimoti haangalii uzuri."

Muuzaji akacheka. "Mama Ngoja-Kwanza, chukua hata bure, zinanijazia nafasi."

"Bure sitaki. Niuzie rahisi."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari, na kila kitu kilipewa ukurasa wake. Bei ambazo wauzaji walikuwa wakiomba hakuziandika kabisa; alisema kila mtu ana haki ya kuota. Aliandika bei za minada iliyokwisha kufungwa, idadi ya waliotoa dau, uzito kwa mizani yake ya jikoni, na gharama ya posta. Pembeni aliandika swali moja: nani ananunua, na kwa nini? Kama hakuweza kulijibu, hakununua. Niliwahi kuwa na walimu wenye shahada ambao hawakuandaa somo kwa uangalifu huo, na sikumwambia.

Sasa redio. Baba mkwe wangu alikuwa fundi redio. Aliunda makasha ya mbao kwa mkono, akatia mitambo ndani, na nyuma ya kila redio akapigilia kibati cha shaba chenye jina letu. Marehemu alisomeshwa kwa redio zile. Wifi yangu, tangu akiwa msichana, ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake taa na waya wa risasi wa kulehemu, naye alijua kuzifungua na kuzifunga kuliko kaka yake.

Asubuhi moja alinijia jikoni na simu. "Wifi, tazama. Si redio ya baba hii?"

Ilikuwa yenyewe. Kasha limepasuka pembeni, kitufe kimoja hakipo, na kibati chetu kinang'aa kwenye picha ya tatu. Muuzaji, mtu wa mbali asiyetujua, alikuwa ameandika: *Redio ya zamani. Haifanyi kazi. Yafaa kwa mapambo au kuni.*

"Utainunua?" nikamwuliza.

"Mimi? Nzito hii. Posta itakula faida yote." Akaondoka na simu yake, akiimba.

Mimi nilibaki na lile neno kuni. Nilikuwa nimemtazama vya kutosha kujua jinsi inavyofanyika. Mchana ule nilifungua akaunti yangu, na siku ya saba, dakika nne kabla ya mnada kufungwa, nikatoa dau. Kuna mtu akanipita. Nikampita. Nikaipata kwa elfu arobaini. Nilitoa anwani ya sanduku la posta la marehemu ambalo bado nalilipia, nikaifuata mwenyewe, nikaifunga kwenye kabati lake la nguo.

Nilidhani yamekwisha. Lakini redio moja ikifika elfu arobaini, mwingine mwenye yake darini huiona bei hiyo pia. Baada ya siku kumi ikaja ya pili. Katika wiki saba zilikuja tano, kila moja kutoka kwa mtu tofauti, na mimi nilichukua nne. Pesa ilikuwa ya kiinua mgongo changu na sikumwibia mtu. Hata hivyo nilitoka mlangoni na mkoba mkubwa kama mwizi, nikiwasalimu majirani kwa haraka.

Kitu ambacho sikukifikiria, mimi niliyefundisha watoto wa watu kufikiri, ni kwamba wifi yangu alikuwa akizitazama redio zilezile.

Alianza kuniambia wakati wa chai. "Wifi, redio za baba zinapanda. Ya kwanza arobaini, ya pili sitini na tano. Kuna Bwana M mmoja huyo, hashikiki." Mtandao ule huonyesha herufi ya kwanza tu ya jina la anayetoa dau. Mimi nilikuwa nimejiita Mwanajiografia.

"Labda ni tajiri," nikasema, nikichungulia ndani ya birika.

"Tajiri, halafu mpweke. Mtu mwenye mke nyumbani hawezi kulipa elfu sitini na tano kwa redio bubu, mke angemuuliza. Kuna Bwana K naye anamfukuzia, lakini Bwana M hamwachii. Anangoja hadi dakika ya mwisho, halafu *pa!* Kama paka." Akacheka hadi akamwaga chai. "Ningemjua ningemtafutia mchumba."

Nilicheka pia. Mungu anisamehe, nilicheka.

Ya nne ilifika elfu tisini na tano. Ya tano laki moja na kumi. Wifi akaipa redio kurasa mbili kwenye daftari. Kwenye swali lake la pembeni, nani ananunua na kwa nini, niliona ameandika: *wakusanyaji wa vitu vya kale, jina la baba limeanza kujulikana.* Nilisoma sentensi ile nikiwa nimesimama mlangoni kwake, naye amejipinda juu ya daftari kama mtoto anayeandika insha.

Kulikuwa na mstari mmoja tu uliomsumbua. Redio ya tatu ilikuwa imeuzwa kwa elfu kumi na nane. Mbele yake aliweka alama ya kuuliza. "Hii siielewi, wifi. Ilikuwa nzima kuliko zote. Ni kama siku ile watu walilala."

Mimi niliielewa. Siku ile umeme ulikatika mtaani kwetu tangu asubuhi, na simu yangu ilizimika saa moja kabla ya mnada kufungwa.

Kisha alisikia habari za stoo. Kampuni moja iliyokufa zamani ilikuwa imewagawia maofisa wake wote redio za baba, na mtunza stoo wa jengo lake alikuwa nazo ishirini na mbili chini ya maturubai. Alitaka elfu thelathini kwa kila moja, na alikuwa na sharti lake: zote au hakuna. Laki sita na sitini elfu.

Wifi yangu alikuwa na laki saba. Ilikuwa ni pesa ya kulipia vyumba viwili alivyovipata mtaa wa pili, dirisha la jikoni linatazama jua la asubuhi, na mwenye nyumba alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi. Aliikusanya kwa rimoti, kwa lenzi za kamera, kwa miguu ya vyerehani, miaka miwili.

"Nikiziuza kwa tisini tu, hata themanini," akaniambia, "sipangi vyumba tu. Nafungua na duka. Kibao mlangoni, jina la baba. Hapo utaniruhusu, Mwalimu?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Nikasema, "Umeangalia vizuri?"

"Wiki saba, wifi. Sijawahi kuangalia kitu hivi."

Sikulala siku mbili. Nilijua kabisa kwamba bei zile zilikuwa mimi. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo, mwanamke niliyemwona haya kwa uchuuzi wake atajua kwamba nimekuwa mteja, tena mteja wa siri, tena mpumbavu. Nilijiambia labda wako wengine wanaozitaka. Nilijiambia yeye ni mtu mzima. Asubuhi ya tatu nilimkuta ameshaondoka, kitanda kimetandikwa, na mkebe aliokuwa akiwekea pesa uko wazi juu ya meza.

Nilivaa viatu vya nje na gauni la nyumbani. Nilitembea haraka hadi jengo lile, njia ya nusu saa, na ninakumbuka kila kitu: fundi viatu akinisalimia kwa cheo changu cha zamani, mabomba yaliyolundikwa barabarani, jasho mgongoni. Stoo ilikuwa chini, ngazi kumi na mbili. Nikamkuta wifi amepiga magoti mbele ya redio tano zilizofunguliwa nyuma, bisibisi mkononi, na mtunza stoo, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amekaa juu ya kreti akingoja. Bahasha ya pesa ilikuwa sakafuni, kando ya goti la wifi.

"Wifi! Kuna nini, mbona hivyo? Kuna msiba?"

"Usilipe."

"Ameniahidi," akasema mtunza stoo. "Mama, tumeshakubaliana."

Nilitaka kumwita nje. Lakini bahasha ilikuwa pale, na mkono wake ulikuwa juu ya bahasha. Nikasema palepale, mbele ya mtu nisiyemjua, kwa sauti niliyoitumia kwenye paredi ya asubuhi kwa sababu sikuwa na nyingine. "Bwana M ni mimi."

Wifi alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Nilizinunua mimi. Ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano. Ziko kwenye kabati la kaka yako. Yule aliandika kuni, wifi. Sikuweza."

"Ya tatu?"

"Umeme ulikatika."

Mtunza stoo alivua miwani, akaifuta, akaanza kucheka taratibu, tumbo kwanza. "Yaani mnashindana wenyewe ndani ya nyumba moja? Jamani!"

Wifi hakucheka. Akaweka bisibisi chini, akatoa daftari kwenye mfuko, akakaa sakafuni. Akachukua kalamu, akachora mstari juu ya arobaini, juu ya sitini na tano, juu ya tisini na tano, juu ya laki moja na kumi. Kila mstari niliusikia. Ikabaki kumi na nane. Akaifuta ile alama ya kuuliza kwa ncha ya kidole kilicholowa mate.

"Bwana K alikuwa anapanda kwa sababu wewe ulikuwa unapanda," akasema, akilisemesha daftari zaidi kuliko mimi. "Mwingine yeyote aliachia kabla ya ishirini. Ukitoka wewe, Bwana K hana wa kupigana naye. Analipa kumi na nane na kushukuru. Siku ya umeme ndiyo bei." Akanyanyua macho. "Kumi na nane, nitoe posta, nitoe ada ya mnada. Nilikuwa nanunua kwa thelathini kitu ambacho kingeniachia kumi na moja. Mara ishirini na mbili."

Akarudisha bahasha kwenye mfuko wa ndani. "Ngoja kwanza, mzee. Kwa bei hiyo siwezi."

"Zote au hakuna," akasema mtunza stoo, lakini bila nguvu, maana siri ya soko lake ilikuwa imemwagwa sakafuni mwake.

"Basi hakuna."

Njiani hakunisemesha. Tulipofika kwa fundi viatu, alisimama. "Wiki saba, wifi. Umekaa ukinitazama naandika."

"Ndiyo."

"Nikakuchekesha na mambo ya Bwana M, ukacheka."

"Nilicheka."

"Ungesema siku ya kwanza ningekucheka wiki moja, basi. Sasa nitakucheka maisha yangu yote, lakini si leo. Leo nimekasirika." Akaendelea kutembea. Niliomba radhi barabarani, mbele ya watu, na nadhani hilo nilikuwa sijalifanya tangu niolewe.

Jioni aligonga mlango wangu. "Nionyeshe."

Nikafungua kabati. Aliziweka kitandani moja moja kwa mikono miwili, akazifungua nyuma, akanusa ndani kama baba yake alivyokuwa akifanya. Ile ya laki moja na kumi aliiangalia kwa muda mrefu zaidi.

"Hii, wifi," akasema, "waya zake zimeliwa na panya."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikakaa karibu yake, tukishikana mikono kama wasichana waliovunja kitu cha watu.

Alihamia vyumba vyake mwisho wa mwezi, kwa pesa yake kamili. Nilimpelekea chumvi, pakiti nzima, akaelewa, akaniambia nina maneno.

Wiki mbili baadaye mtunza stoo akampigia mwenyewe. Hakuna mnunuzi mwingine aliyekuja. Wifi alichagua saba nzima kwa elfu sita kila moja, akamwachia zilizobaki. Anazitengeneza moja kwa mwezi mezani kwake, chini ya lile dirisha, na huiweka mnadani ikiwa inaimba. Haweki mbili pamoja. Anasema wanunuzi wa redio hizi anaweza kuwahesabu kwa vidole na hataki kuwashibisha. Mtu wa mtaani kwetu mwenye ulimi mrefu aliniuliza kwa nini nisimsaidie, nikatoa dau kidogo kupandisha, si ni wa familia? Nilimjibu kwamba nyumba yetu haifanyi hivyo. Nilipomweleza wifi, alisema, "Ungethubutu, ningekutoa kwenye daftari."

Maelezo ya redio ya kwanza kati ya zile saba aliniomba niandike mimi. Niliandika: *Redio ya mbao iliyoundwa kwa mkono, inasikika vizuri, mkwaruzo mmoja ubavu wa kushoto, kitufe kimoja kimebadilishwa.* Na kwa mara ya kwanza, kwa ruhusa yangu, jina la familia likawekwa, kama lilivyo kwenye kibati.

Siku ya kufungwa kwa mnada nilikwenda kwake. Kabla sijavua viatu alinyoosha mkono. "Simu yako mezani, Bwana M. Kifudifudi."

Niliiweka. Nikakalia mikono yangu. Zikabaki dakika nne, na nakiri viganja viliniwasha. Bwana K akatoa dau. Akatokea mtu wa herufi nyingine, S, ambaye hatujapata kumwona. Bwana K tena. S tena. Mnada ukafungwa kwa elfu thelathini na moja.

"Umeme upo?" akauliza wifi, akitazama taa ya darini.

"Upo."

Akafungua daftari, akaandika thelathini na moja, halafu akaanza kumpa S ukurasa wake.